Monitrisi na Matanga Matatu

Miye natengeneza masanduku ya maiti. Nasema hilo mwanzoni ili mtu asije akalalamika kwamba nilimficha. Atelye yangu ya useremala iko karibu na hopitali, na wako watu wanaopita ng'ambo ya barabara ili wasisikie randa yangu. Waache wapite. Nilianza kwa kubeba mchanga Nizi, kwenye mashimo ya dhahabu, na masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primeri. Leo nina nyumba tatu za matofali ya kuchoma hapa Bunia. Hakuna mtu aliyenifundisha kupima. Nikimtazama mtu aliyelala, urefu wake naujua.

Kazi hiyo ndiyo iliyonijulisha na Monitrisi. Alikuwa mwalimu wa shule ya uuguzi, yule anayewasimamia wanafunzi ndani ya hopitali, kitanda kwa kitanda. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini kwa miaka zaidi ya ishirini sikulitumia hata mara moja, na sitaanza leo. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo waulizwe ndugu zake. Miye nasema nilichoona.

Nilichoona kwanza ni kwamba kila nikipeleka sanduku, namkuta amefika. Mgonjwa akifia katika vyumba vyao, kesho yake Monitrisi yuko kwenye matanga. Sasa, hilo si jambo la kawaida. Daktari haendi. Muuguzi haendi, hata kama marehemu alikuwa jirani yake. Atatuma salamu na kujifungia ndani. Wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Kwetu mtu akifia hopitalini lazima ameuawa: ama na jirani, ama na ndugu, ama na sindano. Na katika hao watatu, sindano ndiyo rahisi kuikamata.

Yeye alikwenda kwa miguu, mchana kweupe, na yunifomu yake nyeupe, ili asiseme mtu kwamba alijificha. Alivua viatu, akaketi kwenye mkeka kati ya wanawake, miguu ameinyoosha. Hakula pale, hakunywa hata maji. Waliolia alilia nao kidogo, kwa kipimo. Waliomtukana aliwasikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza bei. Siku moja niliona mama mmoja akimmwagia maji ya kuloweka muhogo kichwani. Monitrisi alipangusa ile saa ndogo iliyoning'inia kifuani mwake, akaangalia kama bado inatembea, akabaki pale pale.

Tulipokutana kwenye njia ya kutokea nilimuuliza: "Mama, hauna aibu?"

"Niko nayo," akasema. "Njo maana nimekuja."

Alikuwa mfupi, mnene, nywele amekata kama mwanaume. Miguu yake ilivimba, lakini pikipiki alikataa kupanda. Alisema amefunga mifupa ya watu wengi mno waliopanda pikipiki. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kloru ya kuua vijidudu, nyufa nyeupe nyeupe kama udongo wa kiangazi. Asubuhi misa, kila siku. Kutoka misa, tumbako ya kunusa. Aliiweka ndani ya chupa ndogo ya dawa, na mwanafunzi aliyethubutu kuingia darasani na kucha chafu alipigwa na mwanamke ambaye pua yake yenyewe ilikuwa ya kahawia. Nilimwambia hivyo. Alisema pua yake haigusi kidonda cha mtu.

Kwangu alikuja mara moja kwa juma kuchukua mabaki ya mbao. Vile vipande vyembamba nisivyovihitaji, wao walivitumia kufungia mkono au mguu uliovunjika. Alivichagua mwenyewe, anapitisha kidole pembeni kutafuta miiba ya mbao, na kama anauona mmoja ananirudishia: "Piga randa tena, muzee. Hii iko ya kwenda kwa mutu muzima." Alimaanisha mtu aliye hai. Wateja wangu hawalalamikii miiba.

Hapo ndipo tulipozoea kuongea, na hapo ndipo nilipofahamu ile habari ya benchi.

Shule yao ilikuwa na sheria. Mtoto anamaliza sekondari, anafanya mtihani wa Leta, yaani wa serikali, anapata diploma, na juu ya diploma kuna asilimia. Hamsini ndiyo kupita. Lakini shule ya uuguzi haikutaka wa hamsini, ilitaka wa hamsini na tano kupanda juu, na kama ni wengi ilitaka wa sitini. Aliye chini hata mlango haukumfungukia. Isipokuwa benchi moja ya nyuma, watu watano tu kila mwaka, ambao Monitrisi aliwachagua yeye mwenyewe. Wakubwa wa shule hawakulipenda jambo hilo. Ila kazi ya kusimama katika vyumba vya wagonjwa toka asubuhi na wanafunzi thelathini hakuna mwingine aliyeitaka, na yeye alishawaambia: benchi ikitoka, na miye natoka.

Wanafunzi wenyewe waliiita benchi ya hamsini. Siku ya kusoma majina Monitrisi alisimama kwenye kizingiti akapaza sauti, mbele ya wazazi, mbele ya wauza maandazi: "Hamsini na mbili! Uko wapi? Kuja mbele. Hamsini na tatu! Inua kichwa, nani alikufa?"

"Unawaaibisha bure," nilimwambia.

"Nawaaibisha miye leo, ili mugonjwa asibaaibishe kesho."

Nilimuuliza anawatakia nini watu wasiojua kitu. Alikuwa amechuchumaa kwenye lundo la mbao, hakuinuka.

"Ule wa themanini anajua jibu. Anachoma sindano, anaenda. Siku moja jibu yake iko mubaya, na hakuna mutu alimuuliza. Ule wa hamsini anajua kama hajue. Anauliza kwanza, njo anachoma."

"Mjinga haulizi, Mama. Nimeajiri wajinga. Wanakata mbao, kisha wanakuja kuuliza."

"Mujinga anaogopa banamuona mujinga. Miye natafuta ule balishamuona."

Miye nami balishaniona.

Lakini hakuwachukua bure. Kila aliyetaka benchi ile alipewa matanga matatu. Yaani mgonjwa akifa, Monitrisi anamchukua huyo mtoto, anamvika blauzi nyeupe, anaketi naye kwa wenye msiba toka asubuhi mpaka watu wapewe chakula. Asibishane. Asikimbie. Akiulizwa jambo aseme analolijua, na asilolijua aseme halijui. Wakitoka, njiani, Monitrisi anamuuliza: marehemu aliitwa nani, alilala kitanda cha ngapi, nani alikuwa anampikia. Mtoto asiyejua, kwaheri. Wa asilimia sabini hawakupelekwa. Nilisema hiyo si haki. Alisema haki haijaanza.

Nimeona wengi wakishindwa. Alikuja kijana mmoja wa hamsini na tatu, mtoto wa mtu mkubwa wa mji, na miwani myeusi, akaketi kwenye viti vya wanaume akaagiza soda. Monitrisi alimwendea mbele za watu: "Papa, hapa ni matanga, weye umekuja ku fete?" Akamvua blauzi pale pale, akabaki na singleti. Alikuja msichana aliyelia kuliko mama mwenye msiba, akajitupa chini, akararua kitambaa. Huyo nilifikiri amepita. Monitrisi alimkataa. "Anaiba kilio ya mwenye musiba," alisema.

Na binti wa dada yake, damu yake mwenyewe, hamsini na nne, alikataa kwenda kwenye matanga. Alisema yeye haendi kutukanwa na washamba. Monitrisi alimfuta. Dada mtu alikuja hapo hopitalini akavua kanga, akalaani tumbo lililowazaa wote wawili. Tangu siku ile hawakuonana, wala kwenye misa. Nilipomtajia jambo hilo alinusa tumbako yake, akasema mbao za leo ni mbichi.

Nisimfanye mtakatifu. Yeye aliyehubiri kuuliza, ukimuuliza jambo moja mara mbili alikupiga rula kwenye vifundo vya vidole. Hongo hakuchukua, hata kuku alimrudisha. Lakini mbao zangu alichukua miaka yote hiyo hakusema asante. Na liko jambo zito zaidi. Mmoja wa benchi yake, mvulana mpole, mwaka wake wa pili, hakuuliza siku aliyopaswa kuuliza. Alichanganya chupa mbili. Mtoto wa miaka minne alikufa mchana huo huo. Sanduku lile nililitengeneza miye, fupi kama kabati la vyombo.

Monitrisi alimpeleka mvulana kwenye matanga. Alisimama mbele ya baba wa marehemu, akasema: "Ni siye. Chupa ilikuwa mubaya, na ni siye." Hakusema ni huyu. Wakampiga mvulana mpaka jino likatoka, na Monitrisi naye alipigwa alipojilaza juu yake. Yule mvulana hakurudi shuleni, naambiwa anachimba dhahabu. Mji mzima ukasema: si mnaona, hamsini ni hamsini. Miye nami nilisema. Mwaka uliofuata nilidhani benchi imekwisha. Alichukua watu watano, kama kawaida. Nilimwona ni mwanamke wa kiburi, na miye kiburi nakijua, ninacho. Mpaka leo sijui kama alikuwa na haki.

Na jambo la pili linanihusu miye. Kijana wangu wa kwanza aliuawa kwenye barabara ya Djugu. Alikuwa analeta mbao na lori. Walimchoma pamoja na mbao zake. Nani? Watu wa upande ule. Kabila sitaji, aliye wa Ituri ameshaelewa, asiye wa hapa haitamsaidia. Tulimpata siku ya tatu, na sanduku lake nilipigilia kwa mkono huu, halikuhitaji kuwa refu. Mji wote ulikuja kwenye matanga. Walikuja hata walionichukia. Monitrisi hakuja.

Nilingoja juma zima. Alipokuja kuchukua vipande vyake vya mbao, nilimwambia: "Umeenda kwa kila mtu Bunia hii. Kwangu hapana."

"Mutoto yako hatukumugusa, muzee. Naenda kwa bale tuligusa."

Hivyo tu. Hata pole hakusema. Akachagua vipande vitatu, akaenda.

Ninaye binti, kitinda mimba, Dorika. Mama yake alifariki Dorika akiwa bado anatambaa, nimemlea miye na dada yangu. Alitaka uuguzi tangu utoto. Alikuwa anafunga mbwa bandeji. Mtihani wa Leta ulipotoka, alikuwa na hamsini na moja.

Watu walinipa pole. Pole ya nini? Hamsini na moja ni zaidi ya nusu. Mbao ikiwa nzima zaidi ya nusu, naitengenezea kitu. Katika ukoo wangu wote hakuna aliyewahi kuishika diploma ile hata kwa kuazima. Nilivaa koti nikaenda kwa sekreteri wa shule. Alitazama karatasi, akatazama mikono yangu, akasema: "Papa, kwa hii pursantaje, labda ushonaji."

Basi nikakumbuka benchi. Na hapo nilifanya jambo ambalo watu wa mtaa wanalicheka mpaka leo. Nilijua kwamba pesa hachukui, kuku hachukui. Nikajiuliza, nina nini kizuri kuliko vyote? Nikachagua muvule mkavu, miaka sita umekaa darini. Nikapiga randa siku nne, nikaweka mishikio ya shaba, nikapaka vanishi mara tatu. Nikaliweka kwenye mkokoteni nikampelekea nyumbani kwake Shari: sanduku la maiti, la kipimo chake.

Majirani walipiga kelele, wengine wakaanza kulia wakidhani amekufa. Yeye alitoka na sufuria mkononi.

"Ni ya nani?"

"Ya kwako, Mama. Wakati wake ukifika. Mungu aweke mbali."

"Ulinipima siku gani?"

"Kwa macho. Miaka yote hii."

Alizunguka sanduku mara mbili. Akapitisha kidole pembeni. Halafu alicheka, na sijamwona akicheka namna ile kabla wala baadaye. Alishika ukuta, sufuria ikaanguka. "Muzee ya masanduku! Bengine banaleta mbuzi!" Aliponyamaza alisema atalipokea. Siku ya pili lilikuwa limeshatoka: aliwapa watu wa kambi ya waliokimbia vita, walikuwa na mama aliyekufa, wamemfunga ndani ya shitingi, yale maturubai ya msaada. "Ilimuenea," alinieleza. "Na mutoto yako atafanya matanga tatu, sawa na bengine."

La kwanza lilikuwa la mzee mmoja aliyekwisha mwenyewe kwa figo, watu wake wametulia, wanacheza karata. Dorika aliketi, akarudi. La pili, mama aliyekufa akijifungua. Mume alimtemea mate miguuni, akamwuliza damu ilikuwa wapi, kwa nini damu haikuletwa. Dorika alisema: "Sijue, Papa. Sikukuwa kule. Nitauliza." Mume akainuka, akamwambia aulize upesi basi. Dorika alirudi nyumbani, hakula. Lakini njiani alikuwa ametaja jina, na kitanda, na shemeji aliyekuwa anapika. Nilijivuna. Nilimwambia kila aliyepita kwenye atelye, hata wale wa ng'ambo ya barabara.

La tatu aliniambia tukila.

"Papa, ya kesho iko kule," akataja mtaa. Mtaa wa watu wa upande ule.

Niliweka chini tonge. "Hauende."

"Papa, njo ya mwisho."

"Kaka yako walimuchoma."

"Ule amekufa ni mutoto ya miezi saba, Papa. Hakuchoma mutu."

"Na baba yake?"

"Baba yake sijue," akasema. "Lakini tulimugusa."

Maneno ya yule mwanamke, ndani ya kinywa cha mtoto wangu. Asubuhi niliweka kiti kwenye lango nikaketi. Dorika alitoka na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Hakuomba. Alitaka kunipita pembeni, nikamshika blauzi, naye akaendelea kwenda. Vifungo vikatoka, akabaki na shimizi mbele ya barabara. Alikusanya kitambaa kwa mkono mmoja, akaendelea. Sikumfuata. Dada yangu alitoka mbio na pini.

Kule walimweka mpaka saa tisa. Hakuna aliyempiga. Mama wa marehemu alimwuliza yeye ni wa nani, na Dorika akajibu ukweli, jina langu na la kaka yake. Dada yangu ndiye aliyeambiwa, miye sikuuliza. Inasemekana mkeka mzima ulinyamaza, halafu yule mama akamsogezea nafasi.

Kwa hiyo alipita. Hamsini na moja, akapata benchi. Mtoto wangu. Ikabaki karatasi moja, ile ya mzazi kutia saini.

Dorika aliileta akaiweka juu ya meza ya atelye, akaweka jiwe juu isipeperuke, akaondoka. Sikuigusa siku nne. Siku ya tano alikuja Monitrisi. Nikaendelea kupiga randa.

"Dosie inafungwa leo."

"Ifungwe."

"Muzee. Mutoto amefanya yote. Ni weye tu umebaki."

"Kwa kijana wangu haukuja," nilisema. "Kwa wale waliomuua umeenda, na umempeleka dada yake. Sitii saini. Arudi aniombe radhi pale pale kwenye lango, watu wakiona, nitafikiri."

"Hataomba."

"Basi ashone nguo."

Alisimama. Nilidhani atanitukana, nilitaka anitukane. Badala yake alifagia vumbi la mbao kwenye meza kwa kiganja, akachukua ile karatasi, akavuta kalamu kutoka nywele zake fupi ambamo sijui ilikaaje, akaandika. Pale panaposema mzazi au mlezi, akaandika jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, polepole, ili miye nisiyejua kusoma vizuri nipate muda.

"Sasa iko na muzazi," akasema.

"Toka kwangu."

Alitoka. Vipande vyake vya mbao alichukua.

Dorika alihamia Shari, nyumbani kwa Monitrisi. Sikumfukuza, wala sikumzuia. Dada yangu alipeleka unga na mafuta akidhani sijui. Nilisikia kwamba mwaka wa kwanza Dorika aliponea chupuchupu kwenye mitihani, kwamba alipigwa rula kama wengine, kwamba alimkanda Monitrisi miguu jioni. Nilisikia kwamba anamwita Mama. Neno hilo mtoto wangu hakuwahi kulitumia kwa mtu.

Siku yao ya kula kiapo, wanafunzi wanapovishwa kofia, nilivaa suti. Sikualikwa, nilikwenda. Nilisimama nyuma, karibu na choo, na watu walinisalimia wakinipisha, maana suti yangu ile wanaijua ni ya kupelekea masanduku. Waliita majina. Mtoto anapanda, wanasema mzazi wake asimame, anasimama, watu wanapiga vigelegele, mzazi anakwenda kumvisha kofia. Wakaita Dorika. Wakasema mzazi asimame.

Monitrisi aliinuka kwa fimbo, kwa shida, na wanafunzi wote wa zamani wa benchi ya hamsini, watu wazima na watoto wao, wakainuka naye. Kelele zilikuwa nyingi. Miye nilikuwa nimesimama tayari tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu.

Mwaka huu walimkata Monitrisi mguu. Sukari. Aliwaona wengi wakikatwa, na alijua hatua zote kabla ya daktari kuzisema. Alinituma mtu: muzee ya masanduku aje, lakini asije na metre ya kupimia.

Nilikwenda saa nne asubuhi. Alikuwa amelazwa katika chumba kile kile alichokuwa anafundishia, kitanda cha karibu na mlango. Alikuwa amepungua hata blanketi lilikuwa limelala bapa kitandani. Nilimtazama mara moja, nikaangalia dirishani.

"Umeshapima," alisema.

"Kidogo."

"Mubaya weye." Alipumzika. Sauti yake ilikuwa bado ya kuita majina. "Nimeuliza kwa sekreteri. Ile karatasi banaweza kubadirisha. Diploma bado haijaandikwa. Unaenda na karte yako ya kitambulisho, banafuta jina yangu, banaandika yako. Siku ya diploma ni weye utasimama."

"Rahisi hivyo?"

"Rahisi. Kitu moja tu. Mutoto iko mukubwa sasa. Lazima banamuuliza: unataka muzazi abadirishwe? Aseme ndiyo."

Dorika alikuwa upande wa pili wa chumba hicho hicho. Alikuwa anamgeuza mzee mmoja mzito, amempitishia mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, anamwambia maneno ambayo sikuyasikia, na yule mzee anacheka bila meno. Alikuwa ameniona nilipoingia. Aliniinamishia kichwa, kama anavyomfanyia mgeni wa mgonjwa yeyote.

"Nimuite?" Monitrisi aliuliza. "Ni neno moja."

Nimechimba mashimo ambamo watu walifukiwa ubavuni mwangu. Nimebeba mtoto wangu akiwa makaa. Nilimtazama binti yangu akinyoosha shuka chini ya yule mzee, hakuna hata mkunjo.

"Acha," nilisema. "Iko na kazi."

Monitrisi hakunibishia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniambia pole. Nilitoka kwa mlango ule wa karibu, nisipite mbele ya kitanda cha yule mzee. Karatasi mpaka leo iko vile, na jina la Monitrisi.